Tulimlilia Akiwa Mzima

Mpaka leo nikimsikia mtu akisema juu ya kipande cha ardhi kwamba "pale hakuna kitu, ni majani tu," damu hunichemka. Wajukuu zangu hucheka. Wanasema bibi ana hasira za bure. Si za bure. Zina sababu, na sababu yenyewe ilikula bukari, ugali wetu, nyumbani kwangu miaka mingi na kunawa mikono kwenye beseni langu.

Wakati huo Kalemie ilikuwa bado inaitwa kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Wazungu walikuwa na bustani yao kilimani, yenye mabenchi na maua yaliyopandwa mistari mistari, na mtu mweusi aliingia humo akiwa ameshika fagio. Sisi watu wa sité, mtaa wa weusi, tulikuwa na Majanini. Ilikuwa ardhi ya bondeni, karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, ardhi iliyolowa mwaka mzima, yenye nyasi laini na mikuyu minene. Jumapili watu walitandika mikeka wakapumzika. Wanawake walianika ndakala, dagaa wa ziwani, kwenye mchanga wa pembeni, na maarusi walipitishwa pale wakishangiliwa. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetupa ruhusa. Palikuwa petu.

Lakini Majanini palikuwa na jambo ambalo wanaume hawakutakiwa kulitia mdomoni. Mtoto aliyezaliwa bila kulia hakuzikwa makaburini pamoja na watu wazima. Wanawake walimchukua, mkunga mbele, wakamlaza kwenye ardhi yenye ubaridi, bila jiwe, bila kijiti, na nyasi zikarudishwa juu yake vizuri. Ubaridi ule ulikuwa kwa ajili ya mama. Mtoto akilala penye baridi, tumbo la mama hupoa, likashika tena. Akilala penye ukavu, tumbo nalo hukauka. Na moto ukiwashwa juu yake, mama huyo asingoje mtoto tena. Hivyo ndivyo walivyofundishwa wanawake wa Kiholoholo na wa Kitabwa, na hata sisi wa familia za Kiislamu, ambao babu zetu walivuka ziwa na biashara zao, tulifundishwa hivyo hivyo. Mwalimu wa msikiti hakuuliza. Padri naye hakuuliza. Mwanaume aliona mkewe ametoka na tumbo akarudi bila tumbo wala mtoto, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa heshima yake kwetu.

Mimi nilikuwa na mmoja pale. Wa kwanza wangu, wa kiume, mwenye nywele nyingi. Mkunga alinishika mkono, nikazirudisha nyasi mwenyewe. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani ila tumbo langu lishike tena. Nikipita Majanini na beseni la samaki kichwani, nilikanyaga taratibu, na nikihisi unyevu chini ya unyayo wangu nilisema moyoni, bado pana baridi, bado nitazaa.

Ndipo ikaja kampuni ya chokaa. Mawe yalikuwa Kabimba, upande wa kaskazini, lakini wenye kampuni walitaka kuyaleta kwa mashua na kuyachomea kwetu, kwa sababu reli ilikuwa karibu. Tanuri lingejengwa Majanini. Moto wake, walisema, ungewaka usiku na mchana bila kuzimika. Walilisema hilo kwa fahari. Mimi nililisikia nikiwa nakwangua samaki magamba, kisu kikanitoka mkononi.

Wazee wa sité walijaribu. Nawapa haki yao. Walivaa makoti, wakapanda kilimani kwa Bulamatari, serikali ya wakati ule, wakaomba Majanini iachwe. Walisema watu wetu watapumzikia wapi. Walisema kivuli, walisema samaki, walisema maarusi. Mzungu wa serikali akawaambia kivuli kipo kila mahali na samaki wanaweza kuanikwa kwingine. Neno lenyewe lililokuwa zito hawakuweza kulisema, kwa sababu halikuwa neno la wanaume. Walirudi wakiwa wameshika kofia.

Sheria yao ilitaka wenyeji waulizwe kwanza kama ardhi ina wenyewe. Basi asubuhi moja walikuja Majanini na meza na viti, Mzungu wa serikali na mwenzake wa kampuni. Wanaume walisimama mbele. Sisi wanawake tulibaki nyuma, kwenye mchanga wa samaki, tukijifanya tunageuza ndakala. Mzungu aliuliza mambo mengi, kisha akauliza lile.

"Hapa kuna makaburi?"

Mume wangu alikuwa pale, akaangalia vidole vyake vya miguu. Wazee wakaangalia ziwa. Kama wangeendelea kukaa kimya, Mzungu angejiuliza kwa nini watu wote wamekuwa bubu kwa pamoja, na pengine angeuliza tena, na pengine mkunga angesogea mbele. Sijui. Hatukupata nafasi ya kujua, kwa sababu baba yangu mdogo alipiga hatua mbele.

Huyu alikuwa mdogo wake baba yangu, tumbo moja. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenilea na yeye ndiye aliyeniozesha. Alijua Kifaransa kidogo na alikitembeza kila mahali. Mke wake, mama yangu mdogo, alikuwa amesimama kando yangu na mikono yenye magamba. Alikuwa na wawili pale chini ya nyasi, wote wa baba mdogo.

"Hapana, Bwana," baba mdogo akasema. "Hakuna kitu. Ni majani tu."

Mama mdogo alinishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka nikaumia. Mzungu wa kampuni akatabasamu, na kabla jua halijafika utosini baba mdogo alikuwa amekwisha kuwa kapita wa kampuni ya chokaa, msimamizi wa kuita watu kazini. Walimpa kofia na filimbi. Alirudi sité akiipuliza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, na siku ile ndipo nililielewa.

Watu wa kampuni wakapigilia vigingi. Tukavingʼoa, tukapikia. Wakapigilia vingine, wakaweka askari wa kulinda. Mkunga, mama mdogo na mimi tukamfuata baba mdogo barazani kwake. Mkunga hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba yeye anajua, kila mwanaume wa sité anajua, na kwamba arudi kwa Mzungu aseme amekosea.

Baba mdogo akacheka. Kicheko kile ndicho kilichommaliza, si kazi wala kofia.

"Mama, mimi niko mwanaume," alisema. "Mwanaume hajue mambo ya kule. Si ninyi wenyewe munatufundishaka vile? Waliniuliza, nikajibu sawasawa na mila."

Alijificha nyuma ya mila yetu wenyewe! Aliichukua heshima tuliyowapa wanaume, akaifanya ngao ya uongo wake. Kunyamaza ni mila. Kusema "hakuna kitu" ni jambo jingine kabisa, na alijua. Nilitaka kumrukia. Mkunga akanivuta nguo. Mama mdogo alikuwa anamwangalia mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Watoto wako wako kule," akamwambia.

"Watoto gani?" baba mdogo akasema. "Mi sina mutoto kule."

Mama mdogo akakaa chini, pale pale kwenye udongo wa baraza. Akafungua kitambaa cha kichwa. Akaanza kufumua nywele zake, msuko mmoja baada ya mwingine, kama mke anavyofanya mwili wa mumewe ukiwa bado ndani.

"Basi amekufa," akasema. "Bwana yangu amekufa. Muniletee mukeka."

Mkunga alielewa kabla yangu. Alitoka barazani akapiga kile kilio kirefu kinachojulisha nyumba kumi kwa mara moja, na wanawake wakaanza kutoka.

Kwetu, kilio kikishawekwa hakivunjwi na mtu. Hata Bulamatari alijua hivyo. Watu wa sité wakikusanyika kwa jambo lolote askari walikuja kuuliza, lakini wakikusanyika kwa msiba waliachwa mpaka wenyewe waondoe matanga. Tukachukua mikeka yetu tukaiweka Majanini, juu ya vigingi vyao, na tukamlilia baba mdogo. Tulimlilia vizuri. Wakristo walileta nyimbo zao, Waislamu tulikaa na mama mdogo akiwa amevaa nguo ya eda, na wale wa Kibembe walicheza ngoma ya msiba mpaka nyasi zikalala. Mwalimu wa msikiti alitutumia ujumbe kwamba hawezi kumwombea dua mtu aliye hai. Tukamjibu kwamba hatuhitaji dua, machozi yanatosha. Na machozi yalikuwa ya kweli. Mimi nililia kwa ajili ya mwanangu kwa sauti, kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, na kila aliyepita alidhani nalia kwa ajili ya baba mdogo.

Wazungu wakamtuma askari kutuondoa. Alikuwa kijana wa mbali, hakumjua mtu. Alifika na rungu, akaona nywele zilizofumuliwa na wanawake waliojifunga vitambaa tumboni, rungu likashuka.

"Pole, Mama," alimwambia mama mdogo. "Nani amekufa?"

"Bwana yangu. Alikuwa kapita wa chokaa."

Askari akavua kofia. Wakati huo huo baba mdogo akaja mbio kutoka upande wa reli, filimbi ikimrukaruka kifuani.

"Munafanya nini? Munalilia nani? Mi niko muzima! Mimi huyu hapa!"

Tukapandisha sauti. Hakuna hata mmoja aliyemtazama. Mkunga alishika kichwa akaimba kwa uchungu, "Ninamusikia! Sauti yake ninaisikia kabisa, sawa vile iko hapa!" na ilinibidi niingize uso kwenye magoti, maana kilio na kicheko vilikuwa vinanitoka pamoja. Baba mdogo alimshika mama mdogo bega. Mama mdogo akaacha bega lake lilegee, akaendelea kulitazama ziwa kupitia kifua chake. Baba mdogo akamtikisa. Hakuna kitu. Mkono wake ukatoka wenyewe.

Askari alimtazama yule mtu aliyekuwa akipiga kelele, akamtazama mjane.

"Papa, uende pembeni," akamwambia baba mdogo. "Hapa iko kilio."

Nimeishi miaka mingi na nimeona mambo mazuri, nimeozesha mabinti na nimeshika vitukuu. Bado naiweka asubuhi ile mahali pake pa juu.

Tulipoondoa matanga, kazi yenyewe ndipo ilipoanza. Kwetu mtu aliyekufa akikuita jina, huitikii. Ukiitika, umemfuata. Watoto wadogo wanajua. Asubuhi baba mdogo alisimama barabarani akapuliza filimbi yake na kuita wachimbaji, huyu kwa jina, yule kwa jina, na wanaume wa sité wakapita mbele yake na majembe begani, kwenda bandarini, kwenda relini, kwenda popote. Wengine walikuwa wanamwogopa kweli. Wengine walikuwa wanatuogopa sisi, kwa sababu bukari ilikuwa mikononi mwetu. Mume wangu alipita bila kugeuza shingo, na jioni ile nilimwekea kichwa cha samaki.

Kampuni ikaleta watu kwa treni kutoka Nyunzu, watu wa shamba wenye mikono mizuri. Tukawauzia mihogo. Tukawauliza kwa upole wanafanya kazi ya nani. Wakasema ya kapita wa chokaa.

"Yule tuliyemuzika juzi?" mama mmoja akauliza, akamtazama mwenzake. "Maskini. Bado anaita watu?"

Treni iliyofuata ya kurudi ilijaa. Mzungu wa kampuni alimfokea baba mdogo mbele ya watu, akamvua kofia kwa mkono wake mwenyewe na kuondoka na filimbi. Tanuri likajengwa Kabimba, mawe yalikokuwa tangu mwanzo, mahali ambapo mtu yeyote mwenye akili angelijenga. Vigingi vikaoza Majanini. Walisema ni kwa sababu ya gharama ya mashua. Waseme.

Watu wengine wangeishia hapo. Walikuja kwetu, tena watu wazuri, wakasema tumepata tulichotaka, sasa tumwachie mtu apumue. Baba mdogo mwenyewe alikwenda tribinali, mahakama ya wenyeji, kumdai mke wake. Mwamuzi, ambaye mke wake alikuwa amelia nasi na alikuwa na mmoja wake pale chini, alikohoa sana, akasema kesi itasikilizwa siku nyingine, na siku hiyo haikufika. Mama mdogo alimaliza eda yake yote kwa kaka yake, akaoga, akavaa kitenge kipya. Mzee wa familia alimwambia sasa arudi nyumbani. Akauliza, "Kwa nani?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Baba mdogo alilalamika kila mahali kwamba tumemwonea, kwamba kumlilia mtu mzima ni ukatili usio na jina. Wanaume walimsikiliza kidogo, wake zao walipokuwa hawapo. Kuwasha moto juu ya watoto wake kulikuwa kazi. Kunyimwa salamu kukawa ukatili.

Siku moja alikuja kwangu. Nilikuwa barazani nachunga unga na jirani yangu. Alikuwa amekonda, shati halina vifungo. Alisimama pale kwenye ngazi alipozoea kukaa akingojea bukari.

"Mutoto wangu," alisema. "Unipe maji tu."

Nikaendelea kuchunga.

"Nilikubeba mugongoni, wakati baba yako alikufa. Nilikubeba mpaka kule makaburini. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nakumbuka hata harufu ya koti lake siku ile. Nadhani kama angesema neno moja zaidi, kama angesema tu "wale watoto," kama angewataja hata mara moja, ningesimama nikamchotea. Hakuwataja. Alitaka maji, alitaka mimi nikumbuke mgongo wake, lakini wao hawakuwemo kinywani mwake hata siku ile. Nikamwambia jirani yangu kwamba upepo wa leo ni mwingi, tuingize unga ndani. Tukaingiza. Nilisikia raha, na raha ile haijanitoka, na atakayesema natia chumvi aje nimwambie usoni.

Mwaka uliofuata tumbo langu lilishika. Nilikwenda Majanini na mkunga, tukamwaga maji juu ya nyasi, ingawa hazikuhitaji maji. Binti yangu alizaliwa akilia, akalia hivyo miezi mitatu mfululizo, akawachosha majirani wote, na mimi sikumnyamazisha kwa haraka.

Baba mdogo alikufa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, watu walipokuwa wameanza kulisema neno uhuru kwa sauti. Homa ilimkuta peke yake ndani ya nyumba. Mtu akaja mbio kwa mama mdogo. Alikuwa anakaanga samaki, mimi nimekaa naye jikoni, binti yangu anacheza na maganda ya mihogo.

"Mama, bwana yako amekufa. Mara hii ni kweli."

Mama mdogo akageuza samaki, akawatazama kama wameiva upande wa pili.

"Tulishamulilia," akasema.

Habari ikazunguka sité, na kila nyumba jibu lilikuwa hilo hilo. Wanaume walimwosha na kumbeba wenyewe. Kwetu mtu huzikwa kwa sauti za wanawake. Hata mwizi huliliwa na mama yake au dada yake. Yeye alipita barabarani kwetu na nyayo za wanaume tu, na nyuma yake vumbi. Nilisimama mlangoni kumtazama akipita. Sikujificha. Nilitaka kuona mwenyewe.

Binti yangu akanivuta kitenge.

"Mama, kule wanabeba nini?"

"Hakuna kitu, mama," nikamwambia. "Ni wanaume tu wanapita."

Nikamshika mkono tukaingia ndani, samaki walikuwa wameiva.